Dhahabu ya Migori: Tatizo si zebaki pekee, ni maji ya mvua

Ukisikia mtu akitaja dhahabu ya Migori, picha inayokujia kichwani pengine ni ya mgodi uliobomoka na watu waliokwama chini. Ndivyo habari hizo hutufikia sisi wa mjini. Mgodi ukiporomoka kuna idadi ya kutangaza, kuna kamera, kuna mwanasiasa wa kufika na koti lake la mvua. Siku tatu baadaye tunasahau.

Kuna jambo lingine hutokea pale kila masika na kila vuli, na halina kamera. Mvua hunyesha juu ya chungu za mchanga uliosagwa, maji yanateremka, yanaingia kijito, kijito kinaingia mtoni, mto unaingia ziwani. Hakuna aliyekufa siku hiyo, kwa hivyo si habari. Lakini kama unakula mbuta pale Kisumu, au omena ambazo mama mboga wa mtaani kwako Umoja hupima kwa mkebe, jambo hili linakuhusu kuliko ule mgodi uliobomoka.

Hebu tuanze na ramani. Ukanda wa dhahabu wa Migori unapita Nyatike na Suna, unavuka mpaka na kuingia Tanzania, ambako mawe ya aina ileile yamezaa mgodi mkubwa wa North Mara, kule Nyamongo, Tarime. Upande wetu kuna Macalder, Osiri-Matanda, Mikei, Masara na sehemu nyingine nyingi ndogo ambazo leo ni shamba la mahindi na kesho ni shimo. Mito miwili mikubwa ya eneo hili ni Migori na Kuja. Kuja, ambayo juu huko watu huiita Gucha, inatoka milima ya Kisii, inakusanya maji ya Rongo na ya upande wa Ndhiwa kule Homa Bay, inaungana na Migori, kisha inaingia Ziwa Victoria ikipitia Nyatike. Uwanda wa chini wa Kuja hufurika karibu kila msimu wa mvua kubwa. Watu wa huko hawahitaji mtabiri wa hali ya hewa kuwaambia.

Kwa hivyo tuna mashimo ya dhahabu upande wa juu, mto unaofurika katikati, na ziwa chini. Huhitaji digrii kuona shida itatokea wapi.

Sasa tuangalie jiwe linavyogeuka kuwa pete. Vijana wanashuka shimoni, wanachimba mwamba, wanautoa kwa magunia. Mawe yanapondwa, kisha yanapelekwa kwenye kinu cha kusaga mpaka yawe kama unga. Unga huo unapitishwa na maji mengi juu ya ubao ulioinama uliotandikwa zulia au gunia. Dhahabu ni nzito, hivyo inanasa kwenye zulia, mchanga mwepesi unaondoka na maji. Kilichonaswa kinakung'utwa ndani ya karai, kinatiwa maji na zebaki, na mtu anakoroga kwa mkono. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke, na mara nyingi hana glavu. Zebaki inashikana na dhahabu na kuwa donge. Donge linakamuliwa kwa kitambaa, kisha linachomwa. Zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki.

Kampeni nyingi zimezungumzia hatua hiyo ya mwisho, ule moshi. Ni sawa, moshi ule ni hatari sana. Kwa mujibu wa tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa zaidi cha zebaki inayotokana na binadamu kuingia hewani, takriban asilimia 38. Lakini sehemu ya zebaki haipai. Inabaki kwenye maji ya karai na kwenye mchanga unaomwagwa nje. Mchanga huo unarundikwa pale pale, karibu na kinu, na kinu huwekwa karibu na maji kwa sababu kazi yenyewe haiwezekani bila maji. Umeona tatizo? Sehemu rahisi zaidi ya kusafisha dhahabu ndiyo mbaya zaidi ya kuacha uchafu.

Kisha mvua inakuja.

Nipe dakika moja tufanye hesabu, ni ya shule ya msingi tu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047. Mvua nzito ya alasiri moja, tuseme milimita 50, ikinyesha juu ya ekari hiyo inaleta lita zaidi ya 200,000. Hayo ni malori 20 ya maji, yale ya lita 10,000 ambayo huuza maji mitaani Nairobi mifereji ikikauka. Hata kama nusu inazama ardhini, bado una malori kumi yanayokimbia juu ya mchanga uliosagwa laini kama unga wa ngano, bila nyasi, bila mti, bila kizuizi. Na mgodi haunyeshewi peke yake. Maji ya mlima mzima ulio juu yake yanapitia hapo pia, kwa sababu hakuna aliyeyaonyesha njia nyingine.

Maji hayo hubeba nini? Kwanza matope. Watu huyapuuza kwa sababu si sumu, lakini tope ndilo gari ambalo sumu hupanda. Zebaki hushikamana na chembe ndogo za udongo. Kadiri tope linavyokuwa laini, ndivyo linavyosafiri mbali kabla ya kutuama. Kwa hivyo hata mchimbaji akiacha zebaki leo, ile ya miaka iliyopita iko kwenye chungu na kwenye mashapo ya vijito, inangoja gharika.

Pili, kuna madini ambayo hakuna aliyeyaleta pale kwa chupa. Yalikuwa ndani ya mwamba tangu zamani. Mwaka 2002 watafiti wa Kenya walichapisha utafiti kuhusu ukanda wa Migori ambao bado hutajwa na kila anayeandika juu ya suala hili. Katika mchanga wa mabaki pale Mikei walipima zebaki hadi miligramu 1,920 kwa kilo. Lakini namba iliyonishtua mimi ni nyingine: kwenye mashapo ya kijito cha Macalder walikuta madini ya risasi, hii risasi ya betri za gari, hadi miligramu 11,075 kwa kilo. Yaani zaidi ya asilimia moja ya tope lile lilikuwa risasi. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha juu kabisa, sehemu nyingine zilikuwa chini sana, na ni haki kusema hivyo. Lakini risasi ni ya kuogopwa kwa sababu huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Kwa nini Macalder? Hapa inabidi turudi nyuma, na hadithi yenyewe ni tamu kwa namna yake. Macalder haikuanza na vijana wa karai. Ulikuwa mgodi mkubwa wa enzi za ukoloni, wa shaba na dhahabu, uliofungwa mwaka 1966. Ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kampuni ilijengewa umeme wake: kile kituo cha Gogo kwenye maporomoko ya mto Kuja, cha megawati mbili, kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuuendesha. Kampuni iliondoka. Kituo cha Gogo kipo hadi leo chini ya KenGen, na bwawa lake limejaa tope lililoteremshwa na mto. Mabaki ya mgodi nayo yalibaki. Uhuru ulikuja, katiba mpya ikaja, kaunti zikaja, chungu ikawa bado ipo.

Na chungu ya Macalder si mchanga wa kawaida. Mwamba wa pale umejaa salfaidi, yaani madini yaliyoshikana na kiberiti. Ukiwa chini ya ardhi, mwamba huo umetulia. Ukiutoa nje, ukausaga, ukakutana na hewa na maji ya mvua, unatengeneza asidi ya salfa, ile ile iliyo ndani ya betri, ingawa hafifu zaidi. Asidi hiyo inayeyusha shaba, zinki na risasi kutoka kwenye mawe na kuzitoa kama maji. Ndiyo maana karibu na migodi ya aina hii duniani utaona vijito vyenye rangi ya kutu. Hakuna mtu anayemwaga kitu pale. Ni mvua na jiwe tu vinafanya kazi, na vinaweza kuifanya kwa miaka mia.

Tatu, na hili ni la siku za karibuni zaidi, kuna sianidi. Zebaki haikamati dhahabu yote. Sehemu nzuri inabaki kwenye mchanga, na wenye mtaji wanajua. Wananunua chungu za mchanga kutoka kwa wachimbaji na kuzilowesha kwenye matangi au mabwawa ya sianidi ili kutoa kilichobaki. Kibiashara ni akili. Kimazingira kuna mtego: mchanga ule tayari una zebaki, na sianidi huyeyusha zebaki na kuifanya isafiri kwa urahisi zaidi majini. Mkataba wa Minamata, ambao Kenya ilitia saini Oktoba 2013, umeorodhesha zoea hili miongoni mwa manne mabaya zaidi ambayo kila nchi inatakiwa kuyakomesha. Sianidi yenyewe huvunjwavunjwa na jua na hewa ndani ya muda, tofauti na zebaki. Shida ni bwawa likifurika kabla ya muda huo kufika.

Usidhani hilo ni jambo la kufikirika. Tarehe 30 Januari 2000, kule Baia Mare nchini Romania, mvua na theluji iliyoyeyuka vilijaza bwawa la mgodi wa dhahabu mpaka kingo zikapasuka. Takriban lita milioni 100 za maji yenye sianidi ziliingia mtoni, zikavuka hadi Hungary, zikafika mto Danube, zikaua samaki njia nzima. Bwawa lile lilikuwa la kampuni yenye wahandisi na michoro. Kilicholiangusha ni maji ya mvua ambayo hayakuachiwa nafasi.

Karibu zaidi na nyumbani, vuka mpaka pale Isebania. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara na kuingia mto Tigithe, unaoelekea mto Mara, unaoingia ziwa lile lile letu. Kampuni ilisema plastiki iliyotandikwa kwenye bwawa iliibwa. Labda ni kweli. Lakini miaka kumi baadaye, Mei 2019, serikali ya Tanzania iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 za Tanzania kwa sababu ya uchafuzi kutoka bwawa la mabaki, na Julai mwaka huo ikaamuru bwawa lifungwe hadi lirekebishwe. Nataja hili kwa sababu moja. Kila mara wachimbaji wadogo wa Migori wanapolaumiwa, kuna mtu huinuka na kusema suluhisho ni kuwaondoa na kuleta mwekezaji mkubwa. Mwekezaji mkubwa naye ananyeshewa na mvua hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kutozwa faini, na kuna mlango wa kubisha.

Tukija upande wa Homa Bay, watu hupenda kuliona suala hili kama la jirani. Migori ndiyo yenye dhahabu, sisi tuna samaki. Lakini ghuba ya Karungu, ambako Nyatike inagusa ziwa, inapakana na Gwassi. Mbuta hajui mpaka wa kaunti. Zebaki ikishafika kwenye tope la chini ya maji, bakteria huigeuza kuwa aina nyingine iliyo mbaya zaidi, inayoingia kwenye miili ya viumbe na kupanda ngazi: kutoka vijidudu hadi samaki wadogo, hadi samaki wanaokula samaki. Mbuta mkubwa yuko juu ya ngazi hiyo. Baada ya mbuta ni wewe.

Hapa naomba usikimbilie kutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la familia ukisema samaki ni sumu. Tafiti nyingi zilizofanywa Ziwa Victoria zimekuta zebaki kwenye samaki wengi ikiwa chini ya kikomo cha kimataifa cha miligramu 0.5 kwa kilo, wasiwasi ukiwa zaidi kwa mbuta wakubwa sana na kwa wajawazito. Omena, kwa kuwa ni wadogo na hawaishi muda mrefu, wako chini kabisa kwenye ngazi. Kula omena zako kwa amani. Ziwa ni kubwa na linazimua mengi. Lakini kijito si kikubwa. Anayechota maji ya kupikia kwenye kijito cha Macalder, au ng'ombe anayekunywa pale, hana ziwa la kumzimulia chochote. Ukitaka kujua nani anaumia kwanza, usiangalie sahani yako, angalia mtungi wake. Na ziwa nalo lina kumbukumbu: kule Minamata, Japani, ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga zebaki kwenye ghuba kwa miaka mingi ambayo kila mtu aliona maji bado yanang'aa.

Basi kama jambo lenyewe liko wazi hivi, kwa nini hakuna anayechimba mtaro?

Jibu la haraka ambalo utalisikia ni kwamba wachimbaji hawajaelimishwa. Mimi silikubali. Mtu anayeweza kufuata mshipa wa dhahabu mita nyingi chini ya ardhi kwa tochi ya kichwani anaelewa maji yanateremka kuelekea wapi. Anaelewa vizuri sana, kwa sababu maji hayo hayo hujaza shimo lake na kumsimamishia kazi wiki nzima, na akikaidi yanaweza kumuua. Shida ni nyingine. Ardhi si yake. Mwenye shamba anachukua fungu lake, mwenye kinu fungu lake, aliyegharamia chakula na mbao fungu lake. Mchimbaji hajui kama mwezi ujao atakuwa shimo hili au jingine. Hebu niambie, ukiwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi pale Pipeline, unaweza kulipia paa jipya la nyumba?

Ongeza bei. Mwaka 2025 dhahabu ilipita dola 3,000 kwa wakia na ikaendelea kupanda. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne na kukosa karo ya chuo anaweza kupata pesa Osiri kuliko kwenye boda. Huwezi kumshindania kijana huyo kwa bango la "Zebaki ni hatari". Ameliona. Amelisoma. Ana madeni.

Na serikali imekuwa na tabia moja ya kudumu, bila kujali nani yuko madarakani: mgodi ukiua watu, unafungwa. Polisi wanakuja, utepe unawekwa, wiki chache zinapita, watu wanarudi usiku. Ukifunga mgodi hujafunga chungu. Mvua inaendelea kuiosha, ila sasa hakuna hata mtu mmoja anayeweza kuulizwa, kwa sababu rasmi pale hapana mgodi. Kwa suala la maji, kufunga ni kubaya kuliko kuacha wazi chini ya masharti.

Sheria ya kufanya hivyo tunayo. Sheria ya Madini ya 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1940, ilimtambua mchimbaji mdogo na kumruhusu kuchukua kibali, huku kila kaunti ikitakiwa kuwa na kamati ya wachimbaji wadogo. Mrabaha ulipangiwa mgao: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya eneo husika. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinakataza shughuli kwenye ukingo wa mto kuanzia mita sita hadi 30, kutegemea mafuriko ya juu yaliyowahi kurekodiwa. Pima mita 30 kutoka Kuja msimu wa mafuriko, halafu hesabu vinu.

Kibali ndicho kitu cha kushikilia hapa. Mwenye kibali ana sababu ya kuchimba mtaro kwa sababu mwaka kesho bado atakuwa hapo. Na unaweza kuandika mtaro ndani ya masharti ya kibali.

Mtaro wenyewe si sayansi ya roketi, na hapa ndipo nadhani mjadala wetu umepotea njia. Miradi ya kupunguza zebaki, ukiwemo ule wa planetGOLD ambao umefika Migori, imejikita kwenye vifaa vya kusafisha dhahabu bila zebaki. Ni kazi ya maana, lakini ni ya polepole na ya gharama, na inahitaji kila mtu abadili namna anavyopata riziki. Kuongoza maji hakumbadilishii mtu riziki. Kanuni ni moja: maji safi yasikutane na maji machafu. Juu ya mgodi, unakata mtaro unaokinga maji ya mlima na kuyapitisha pembeni. Kama mlima una ekari kumi, mvua ile yetu ya milimita 50 ni lita milioni mbili, na hata ukizuia nusu yake isipite kwenye chungu, umefanya makubwa kwa jembe na sululu tu. Kuzunguka chungu, unainua tuta la udongo wa mfinyanzi. Chini yake, unachimba vidimbwi viwili au vitatu vinavyofuatana ili maji yatulie na tope lizame kabla ya maji kutoka. Chungu unayoitunza kwa kuuza unaifunika turubai, kama unavyofunika mahindi. Ile isiyo na mnunuzi unaipandia nyasi za vetiva. Kinu kinasogezwa mbali na mto, na maji ya kuoshea yanarudishwa kutoka dimbwini badala ya kuchotwa upya, jambo ambalo linapunguza hata bili ya dizeli ya pampu.

Mipaka ipo. Vidimbwi hujaa tope na lazima vizolewe, na tope hilo lina zebaki, kwa hivyo linahitaji mahali pa kwenda. Zebaki iliyoyeyuka haizami kwa kungoja. Asidi ya Macalder haizuiliwi na tuta, inahitaji chungu kufunikwa kabisa isipate maji wala hewa, na hiyo ni kazi ya mamilioni ambayo haiwezi kuachiwa kikundi cha vijana 20 wenye kibali cha ekari chache. Bwawa la sianidi nalo ni daraja lingine: hilo linahitaji mhandisi, plastiki ya chini, na nafasi tupu juu ya maji inayotosha mvua kubwa ya siku nzima. Mwenye mtaji wa kununua sianidi ana mtaji wa kuacha nafasi hiyo. Kwake sitaki kusikia habari ya umaskini.

Kama unaishi Migori, Homa Bay, au una jamaa huko, haya yana kalenda. Kila mwaka serikali ya kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka bungeni mwa kaunti kufikia Septemba mosi. Usipoona neno mtaro, chungu ya Macalder au kupima maji ya Kuja ndani ya mpango huo, halitaonekana kwenye bajeti mwaka unaofuata pia. Vikao vya maoni ya wananchi hujaa watu wanaoomba barabara, na hawakosei. Lakini wawili watatu waombe pia kipimo cha maji, kabla ya mvua na wakati wa mvua, sehemu zile zile, majibu yatundikwe ukutani. Utafiti ule wa 2002 una umri wa kuwa na kitambulisho sasa, na hatupaswi kuendelea kuutegemea.

Mahakamani pia kuna njia. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kushtaki bila kuonyesha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Kule Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha betri, wakiongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido, walipewa fidia ya Sh1.3 bilioni na Mahakama ya Mazingira na Ardhi Julai 2020. Mahakama ya Rufaa ikaivuruga, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Waliolaumiwa katika kesi hiyo hawakuwa wenye kiwanda tu, bali pia mashirika ya serikali yaliyotakiwa kukisimamia. Sehemu hiyo ndiyo inayogusa Macalder moja kwa moja, kwa kuwa kampuni ya 1966 haipo tena ya kushtakiwa lakini wasimamizi wapo.

Ila kesi huanza na karatasi, na karatasi unaweza kuzipata bila wakili. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandikia ofisi yoyote ya umma na kuomba ilicho nacho. Andikia Nema, andikia Mamlaka ya Rasilimali za Maji, andikia idara ya mazingira ya kaunti. Omba vitu vitatu: matokeo ya mwisho ya kupima maji ya Kuja na vijito vya Macalder, orodha ya vibali vya wachimbaji wadogo vilivyotolewa Nyatike pamoja na masharti yake ya mazingira, na leseni za mabwawa ya sianidi. Wana siku 21 za kukujibu.